Keria ya Nyuma ya Kile Kigari Chekundu

Jana asubuhi, saa mbili na kitu, nilikuwa kwenye kibanda cha vitumbua pale Kilindoni, mtoto kiunoni, mfuko mkononi, nikaona kigari chekundu kinapita. Kigari nilichokiendesha mimi miaka sita. Juu ya paa kuna baiskeli imelazwa ubavu, imefungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi iliyokuwa bado inachuruzika maji. Kwenye usukani alikuwa Tatu. Akanipungia mkono, anacheka. Mimi sikucheka.

Tatu, mimi ndiye niliyekufundisha kurudi nyuma bila kugonga nguzo. Haya ninayoandika ni yako wewe na wenzako wawili mlioajiriwa mwaka huu dukani kwa Ami Nasoro. Shikamoo zenu nilishazipokea, kwa hiyo leo msinisalimie, nisomeni tu. Nina hasira na mtoto amelala, na akiamka nitaacha katikati.

Najua mnaniita mstaafu kwa mzaha. Mstaafu wa miaka thelathini, hana mvi hata moja. Sawa, lakini mstaafu ni mtu aliyeimaliza kazi yake na akaiacha ikiwa nzima, na mimi niliiacha ikiwa nzima. Ninyi ndio mnaoivunja.

Kwa wanaosoma bila kuijua kazi yenyewe: Ami Nasoro anakodisha baiskeli. Wageni wanaokuja kuangalia papa potwe wanalala Utende, wengine Kilindoni, na kila mmoja anataka kuendesha baiskeli mahali ambako baiskeli haziko. Mwalimu akihamishwa anataka baiskeli yake imfuate. Mkwezi wa nazi wa Kirongwe fremu ikimkatikia anaileta mjini kuchomelewa, halafu hana namna ya kuirudisha. Dereva kazi yake ni kuzipeleka na kuzirudisha zikiwa nzima. Gari ni dogo, la milango mitano. Ukikunja viti inaingia baiskeli moja, tena umeshatoa gurudumu la mbele, na mgeni huna pa kumweka. Basi baiskeli zinakaa nje. Swali ni nje wapi. Juu ya paa, kwenye mlango wa nyuma, au nyuma kabisa juu ya chuma kilichotoka chini ya gari. Pa nne hapapo. Mimi nilizijaribu zote tatu, na mbili kati ya hizo karibu zinikoseshe kazi.

Naanza na paa, kwa kuwa ndiko mlikorudi.

Keria ya paa inavutia macho. Gari linaonekana kama la safari kubwa. Lakini anayenyanyua baiskeli kuiweka juu ni wewe, na mimi urefu wangu unaishia kwenye kioo. Ukishaiweka huioni tena, na usichokiona unakisahau. Mwezi wangu wa kwanza nilisahau. Nilitoka Utende na baiskeli juu, nikafika dukani, nikaingia moja kwa moja kwenye banda la kuegeshea kama ninavyoingia kila siku. Nikasikia mlio kama mtu anapasua kanga, kukawa giza mbele. Nusu ya makuti ya banda ilikuwa imeshuka juu ya kioo. Baiskeli haikuanguka. Ilibaki juu imejifunika makuti kama mwari. Ami Nasoro alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatazama, akacheka mpaka akakiweka kikombe chini. Siku ile alicheka.

Mwezi wa tatu hakucheka.

Mwezi ule Rukia, mwanangu wa kwanza, alikuwa na miezi saba. Namwacha kwa mama yangu, naenda kazini maziwa yamejaa kifuani, narudi mchana mbio kumnyonyesha, natoka tena. Baba yake alikuwa Dar anatafuta kazi ambayo hakuipata. Kazi nyumbani kwetu ilikuwa hiyo moja tu, ya kwangu. Likumbukeni hilo katika yote yanayofuata.

Upande wa mama mimi ni mtoto wa Jibondo, kile kisiwa kidogo mbele ya Utende, na Jibondo ni mafundi wa vyombo vya baharini. Kamba ya makumbi nimeijua kabla ya kalamu. Nilivyoona watu wakifanya utotoni ni kwamba kamba unailoweka kwanza, kisha unafunga. Ikiwa imelowa inajikaza, inang'ata. Kwa hiyo nikatia kamba kwenye ndoo, nikaifunga baiskeli juu ya paa mpaka vidole vikavimba, nikaitingisha, imetulia kama imejengewa. Nikaondoka kwenda Kirongwe saa sita mchana, najiona fundi mtoto wa mafundi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kosa lenu la jana. Chomboni kamba haikauki. Inarushiwa maji siku nzima. Juu ya bati la gari, jua la saa sita, ndani ya nusu saa imekauka kama ukuni. Na ikikauka inalegea. Ule mng'ato wote ulikuwa wa maji, si wa fundo.

Nilisikia kitu kinakwaruza juu. Halafu kukawa kimya. Kimya hicho ndicho kibaya. Nikatazama kwenye kioo, nikaiona baiskeli imesimama barabarani kwa magurudumu yake mawili, inakuja nyuma yangu kama kuna mtu anaiendesha. Kisha ikajilaza mbele ya bodaboda.

Yule wa bodaboda aliingia kwenye mihogo. Nyuma alikuwa amepakia mama mmoja na tenga la dagaa. Hakuumia mtu. Nasema hivyo haraka, lakini siku ile nilikimbia kutoka kwenye gari miguu haijui inakanyaga wapi. Yule mama alikuwa ameshasimama, anakung'uta buibui.

"Mwanangu, hiyo baiskeli yako haina breki au haina mwenyewe?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, hajafa mtu. Niokotee dagaa wangu."

Tukapiga magoti barabarani, mimi na kijana wa bodaboda, tunaokota dagaa mmoja mmoja, na yeye amesimama juu yetu anatuonyesha tuliowaacha. Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa limekunjika kama bagia iliyokanyagwa.

Nilirudi dukani nikasema mwenyewe, sikungoja simu inipite. Ami Nasoro alisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu wa kufoka. Akagonga meza kwa kidole, mara moja.

"Mwanaidi. Ikianguka baiskeli moja tena, moja tu, ufunguo uweke hapa."

Pembeni alikuwa amekaa shemeji yake, mtu asiye na kazi dukani zaidi ya kumaliza kahawa. Akaona naye aseme. "Ndiyo maana watu wanasema, kazi ya gari si ya mwanamke anayenyonyesha."

Mnataka kujua hasira yangu inatoka wapi? Inatoka kwenye kiti kile alichokalia shemeji. Kabla yangu kulikuwa na madereva wanaume wawili. Wote walifunga juu ya paa, wote baiskeli ziliwaangukia, mmoja hata hakugundua mpaka alipofika. Hakuna aliyewauliza wananyonyesha au hawanyonyeshi. Sikumjibu shemeji. Nilimwambia Ami, "Nimesikia," nikaenda nyumbani kunyonyesha.

Keria ya pili Ami mwenyewe aliiagiza kutoka Dar. Ni ile ya mikanda. Ina vyuma vyembamba vya kukunja, ndoano sita zinazong'ata kingo za mlango wa nyuma, na baiskeli inaning'inia mgongoni mwa gari. Kwa barabara ya lami, kwa safari ya mara moja moja, na kwa mlango mgumu, sikatai, ni kitu cha maana. Nyepesi, unaivua unaitia ndani. Lakini sisi tunaifunga kila siku na tuna chumvi hewani. Ndani ya wiki chache mpira wa zile ndoano ukaliwa, chuma kikawa kinatafuna kingo za mlango. Na kwenye vumbi la kwenda Kirongwe, kila tuta mkanda unarefuka kidogo. Nilikuwa nasimama, nakaza, nakwenda, nasimama, nakaza. Mgeni mmoja akaniuliza kama gari linaumwa. Baiskeli haikuanguka, kwa sababu sikuipa nafasi, lakini nilikuwa naendesha macho yakiwa zaidi kwenye kioo cha nyuma kuliko mbele. Hivyo ndivyo mtu anavyogonga mbuzi.

Basi nikafikiri. Mjomba wangu Shomari, kaka yake mama, yuko Jibondo, anaunda majahazi. Mtu anayeweza kukunja mbao zikae na bahari, atashindwa kuniundia kitu cha kukaa na mlango wa gari? Nikampigia simu. Akasema, "Lete nione." Nikamwambia mjomba, Jibondo gari halifiki. Akasema, "Basi lete huo mlango."

Na mimi nikaupeleka.

Ndiyo, chekeni. Ijumaa, siku ambayo duka halina safari, niliendesha mpaka Utende, nikafungua bolti nne kwa spana, nikachomoa waya, nikautoa mlango wa nyuma pamoja na kioo chake. Nikajitwika kichwani kwa kata, nikaingia majini mpaka magotini, nikaupakia kwenye mashua. Nahodha alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kama huo nao unalipa nauli ya mtu.

Jibondo walitoka kunipokea nusu ya kijiji. Mkaza mjomba, mke wa mjomba Shomari, jina lake Bi Tima, alikuwa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Hakuinuka.

"Gari limekufa, mmekuja kuzika mlango?"

"Halijafa, mkaza mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kama halijafa, basi limeibiwa na wewe ndiye mwizi."

Mjomba aliusimamisha mlango wima, akauegemeza kwenye chombo alichokuwa anakiunda, akaanza kupima kwa shubiri. Akaupenda ule mkunjo wake. Akasema mtu aliyeukunja alikuwa na jicho. Bi Tima alikuwa anasuka na kutazama.

"Mwanaidi, mlango huo unafunguka?"

"Unafunguka."

"Kila siku?"

"Kila siku, mkaza mjomba."

"Sasa wewe Shomari, unamfungia mtoto wa watu mzigo kwenye kitu cha kufungua?"

"Tima," mjomba akasema bila kugeuka, "hili ni gari, si chombo."

"Naliona si chombo. Ndiyo maana naogopa."

Hatukumsikiliza. Mimi wala mjomba. Siku nzima mjomba alichonga, na kitu kilichotoka kilikuwa kizuri, mbao mbili zimekumbatia ule mlango kama ngozi, na juu pembe mbili za kuwekea baiskeli. Sijui kama nimewahi kuona keria nzuri kama ile. Tukaitundikia madumu mawili ya maji tuone itashika vipi. Jibondo maji ya kunywa ni haba, hayachezewi, Bi Tima alisema hivyo, lakini tukayatundika.

Mlango ukalia tik. Sauti ndogo, kama mtu kavunja kijiti. Kioo kikapata mstari kutoka kona moja mpaka nyingine.

Wakati huo huo simu yangu ikaita. Ami Nasoro.

"Mwanaidi, nimepigiwa simu kutoka Utende. Wanasema gari langu limevunjwa, halina mlango."

"Halijavunjwa, Ami. Mlango ninao mimi."

"Uko wapi?"

"Jibondo."

"Mlango uko Jibondo," akasema polepole, kama mtu anayejisomea.

"Na kioo kimepasuka, nimekipasua mimi. Lakini baiskeli haijaanguka."

"Mimi nilisema baiskeli," akasema, na akakata simu.

Ndiyo maana namheshimu yule mzee mpaka leo. Alichosema ndicho alichosema.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya gogo. Fundi akikosea mbele ya mkewe huwa anatafuta kitu cha kunoa. Alinoa tezo yake ya kuchongea mpaka ikachoka. Kisha akaniambia, "Chomboni mzigo mzito hatuufungi kwenye ubao. Tunaufunga kwenye taruma, kwenye mbavu za chombo. Gari lako lina mbavu?"

"Lina chesisi."

"Iko wapi?"

"Chini."

"Umeileta?"

"Mjomba, chesisi ndiyo gari lenyewe."

Bi Tima aliuacha ukili akacheka hadi machozi. Mjomba naye akacheka, kwa kuchelewa. Na mimi, sijui ilikuwa hasira au aibu, nikachukua kijiti nikachora gari mchangani, linavyoonekana kwa ubavuni. Kidato cha tatu tulifundishwa kwamba mzigo ukiwa mbali na egemeo unaelemea zaidi. Nilipata alama nzuri nikadhani ni mambo ya mtihani. Pale mchangani ndipo nilipoyaelewa. Nikachora vyuma viwili vinavyotoka chini kwenye chesisi, vinapita chini ya bampa, vinatokeza nyuma shubiri mbili tu, visizidi. Juu yake inasimama ile keria ya mbao. Mlango haubebi kitu.

"Hivyo ndivyo nilivyosema mimi," Bi Tima akasema.

"Wewe hukusema chesisi."

"Nilisema mlango ni wa kufungua. Mengine ni yenu."

Nilirudi na mlango wangu uliopasuka, nikaufunga kwenye gari, nikauziba kioo kwa gundi na mkanda mpana. Kisha nikachukua uzi wa mshipi, nikalala chini ya gari, nikapima kila kitu kwa mafundo: fundo moja upana wa chesisi, fundo la pili urefu hadi kwenye bampa, la tatu kimo cha baiskeli ili gurudumu lisiguse ardhi kwenye shimo wala usukani usiguse kioo. Uzi ule ukapanda mashua kwenda Jibondo, mjomba aichonge keria upya kwa vipimo hivyo. Baada ya siku kadhaa keria ikashuka Utende, imefungwa kwenye mkeka. Mchomeleaji wa Kilindoni alikuwa ameshaweka vyuma. Tukaipandisha. Matundu ya bolti yakakutana, yote manne, bila kuongeza wala kupunguza. Mjomba Shomari mpaka leo hajaliona gari lile kwa macho yake.

Hilo naliandika kwa fahari na sitaki mtu anipunguzie.

Ami Nasoro alilizunguka gari mara mbili. Hakusifia. Akaingia ndani akatoka anasukuma baiskeli nyeusi, kubwa, ya chuma kizito, yenye taa ya dinamo mbele. Kila mtu wa dukani anaijua. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea.

"Naipeleka Kirongwe kwa ndugu yangu," akasema. "Utaibeba wewe. Mimi nitakuja nyuma na bodaboda."

"Nyuma kuna vumbi, Ami. Panda mbele na mimi."

"Nitakaa nyuma."

Shemeji aliweka kikombe chini, apate kuona vizuri.

Niliifunga ile baiskeli jinsi ambavyo nataka nanyi mfunge, kwa hiyo someni polepole. Nzito inatangulia, inakaa karibu na gari. Nyepesi inafuata nje, imegeuzwa, usukani wa hii kwenye kiti cha ile, zisipigane. Cheni iangalie nje, isimchafue mtu wala rangi. Kwenye zile pembe za kuwekea fremu mjomba alitandika makumbi na juu yake mpira wa ndala kuukuu, kwa hiyo fremu inakaa haichubuki. Kwanza unafunga kwa mpira wa tyubu ya lori, mkavu, unauvuta mpaka uwe mwembamba. Mpira ndio unaokwenda na matuta. Kisha juu ya mpira, kamba ya manila, kavu pia, ya kushika endapo mpira utakatika. Pedeli unaifunga isizunguke. Gurudumu la mbele unalifunga lisitazame huku na huku. Kibao cha namba na taa vionekane, la sivyo askari atakusimamisha na atakuwa na haki. Kitambaa chekundu mwisho. Na ile baiskeli ya marehemu niliizungushia magunia mawili, nikayashona.

Halafu unashika baiskeli, si keria, baiskeli, unaitingisha kwa nguvu zako zote. Ikitingishika peke yake, hujafunga. Gari lote likitingishika nayo, nenda.

Nilikwenda. Sikuendesha taratibu kupita kawaida, maana nilijua akiniona naogopa atasema keria inaogopa. Baada ya matuta ya kwanza nilisimama, nikashuka, nikakagua. Bodaboda ikasimama nyuma yangu. Ami hakushuka. Nikaendelea. Pale kwenye mihogo, mahali ilipoangukia ile ya kwanza, kuna shimo ambalo huwezi kulikwepa. Nilisikia gari linashuka, linapanda, na nyuma kimya. Kimya hiki kilikuwa kingine. Nikatazama kwenye kioo: mpira umevutika, umerudi, magunia yako palepale, na nyuma ya magunia vumbi jekundu, na ndani ya vumbi kofia nyeupe ya Ami Nasoro.

Kofia ilikuwa nyeupe wakati huo. Tulipofika Kirongwe haikuwa nyeupe tena, wala kanzu. Ndevu, nyusi, masikio, vyote vilikuwa na rangi ya barabara. Ndugu yake alitoka nje kumpokea akamsalimia kama mgeni, kisha ndipo akamtambua. Nikakata uzi wa magunia. Baiskeli ya marehemu ikatoka inang'aa, hata kioo cha taa hakina doa.

Ami aliitazama. Akajitazama. Akaishika fremu ikiwa bado kwenye keria, akaitingisha. Gari likatingishika. Akatingisha tena, kwa nguvu, ameuma meno.

"Ami," nikamwambia, "utanitikisia gari."

Akaiachia. "Mtoto yuko wapi?"

"Kwa mama, Kilindoni."

"Rudi kamnyonyeshe. Kuna mbili za Utende zinakusubiri mchana."

Hakutaja ufunguo. Miaka sita hakuutaja. Sikuangusha baiskeli nyingine hata moja, hadi siku ambayo tumbo la mimba ya Hamisi, huyu aliyelala hapa, lilikuwa limefika mahali siwezi kuinama kufunga pedeli. Siku hiyo nilikwenda mwenyewe nikaweka ufunguo mezani, pale pale alipogonga kwa kidole. Aliutazama, hakuuchukua.

"Mimi sikusema uweke," akasema.

"Najua, Ami. Nimeuweka mimi."

Ulikaa pale mezani mpaka wewe, Tatu, ulipoajiriwa. Ndio huo ulionao mfukoni.

Sasa nimeambiwa kwa nini keria yangu haiko kwenye gari. Eti ni ya mbao, ya kizamani, wageni wanataka ya kung'aa. Eti ile ya paa inapendeza kwenye picha. Atakayekuwa nyuma yako siku baiskeli itakapoanguka, Tatu, hapigi picha. Atakuwa mama mwenye tenga, au mwanamke anampeleka mtoto kliniki, au mimi na Hamisi. Kama hamtaki mbao, chomeleeni ya chuma, sina ugomvi. Lakini ikae nyuma, chini, kwenye mbavu za gari, msitundike mzigo kwenye kitu cha kufungua, na kamba ya maji muwaachie wenye vyombo. Na mkichagua ya dukani, msiulize kwanza inafananaje. Ulizeni inashika wapi.

Keria yangu iko stoo, nyuma ya magurudumu mabovu, imefunikwa kwa mkeka ule ule iliojia nao kutoka Jibondo. Bolti zake nne ziko kwenye kopo la maziwa juu ya rafu. Spana ni namba kumi na saba. Kazi ya nusu saa kwa watu wawili, nanyi mko watatu.

Hamisi ameamka. Kesho saa mbili tutakuwa pale pale kwenye vitumbua, mimi na yeye. Ukipita, usinipungie mkono. Simama tu, nishuke barabarani niishike hiyo baiskeli niitingishe.